Hatima ya bahari ya Kenya huamuliwa juu milimani

KILA mvua za masika zinaponyesha kwa wingi Ukambani na katika nyanda za juu za kati, maji ya bahari mjini Malindi hubadilika rangi. Samawati ya kawaida hutoweka, na mahali pake huchukuliwa na wekundu wa udongo uliosafiri mamia ya kilomita kupitia Mto Athi, ambao huitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, na kisha Sabaki unapokaribia kumwaga maji yake katika Bahari Hindi.

Wenye hoteli huyalalamikia maji hayo kwa sababu watalii huyakimbia. Wakulima wa Machakos, Makueni na Kitui wana sababu kubwa zaidi ya kulalamika, kwa kuwa wekundu huo ni tabaka la juu la mashamba yao.

Lakini kuna mdau wa tatu asiye na msemaji katika mikutano ya serikali, naye ni bahari yenyewe. Kile kinachoteremshwa na mito, pamoja na kile kinachoyeyuka kutoka kwenye barafu za dunia, ndicho huamua ni samaki gani watazaana ufuoni, ni mikoko mingapi itasimama, na ni kiasi gani cha kaboni kitazikwa chini ya bahari badala ya kurudi angani kuongeza joto.

Kenya ina mito mikuu miwili inayofika baharini, na kila mmoja umeharibiwa kwa njia yake. Sabaki umebebeshwa udongo kupita kiasi. Tana umezibwa kwa mabwawa. Taifa lililoandaa kongamano la kimataifa kuhusu uchumi wa bahari jijini Nairobi mnamo Novemba 2018 bado linaisimamia mito hiyo kana kwamba mmoja unaishia Garissa na mwingine Tsavo.

Mbolea ya bahari

Ili kuelewa uzito wa suala hili, yafaa kufahamu jinsi bahari inavyopata chakula chake.

Maji ya bahari ya wazi katika maeneo ya joto ni maskini licha ya uzuri wake. Jua hulipasha moto tabaka la juu, nalo hukaa juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika nayo kwa urahisi. Viumbe wanapokufa, mabaki yao huzama pamoja na virutubishi vya naitrojeni, fosforasi na chuma. Mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo wanasayansi huiita planktoni, hubaki juu ikiwa na mwanga tele lakini bila mbolea.

Mito ni mojawapo ya njia zinazorejesha mbolea hiyo. Huteremsha naitrojeni na fosforasi kutoka ardhini, na silika inayotokana na kumomonyoka kwa miamba. Silika hutumiwa na kundi la planktoni liitwalo diatomu kujengea magamba yake. Diatomu huliwa na viumbe wadogo, wadogo huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na samaki wakubwa ambao huishia kwenye mizani ya mvuvi.

Mimea hiyo pia hufyonza gesi ya kaboni iliyomo majini, na maji nayo hufyonza nyingine kutoka angani kufidia. Sehemu ya mimea inapokufa na kuzama, huenda na kaboni hiyo vilindini. Bahari za dunia kwa jumla hufyonza takriban robo ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu.

Aidha, mito yenyewe hubeba kaboni. Inakadiriwa kuwa mito yote duniani huingiza baharini takriban tani bilioni 0.9 za kaboni kila mwaka, nyingine ikiwa imeyeyuka majini, nyingine ikiwa katika umbo la majani yaliyooza, mboji na chembe za udongo.

Hatima ya kaboni hiyo hutegemea jambo moja: kasi ya kufukiwa. Ikielea majini kwa muda mrefu, bakteria huila na kuirudisha angani ikiwa gesi. Ikifukiwa upesi chini ya tope lisilo na oksijeni, huweza kukaa huko kwa karne nyingi. Kwa hivyo, tope ambalo watalii huliona kuwa uchafu ndilo kaburi la kaboni, mradi lifike mahali panapofaa na kwa kiasi kinachofaa.

Mfano mkubwa zaidi barani Afrika ni Mto Kongo, ambao ni wa pili duniani baada ya Amazon kwa wingi wa maji. Mto huo humwaga katika Bahari ya Atlantiki takriban mita 40,000 za ujazo za maji kila sekunde, na mbele ya mlango wake kuna korongo refu lililochimbika kwenye sakafu ya bahari.

Mnamo Januari 2020, kufuatia mafuriko makubwa ya mwisho wa 2019, maporomoko ya mchanga na tope yalishuka katika korongo hilo kwa zaidi ya kilomita 1,100. Yalikata nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari na kuvuruga huduma za intaneti katika mataifa kadhaa ya Afrika. Watafiti waliochunguza mkasa huo walibaini kuwa maporomoko yaliyokata nyaya yalikuwa pia yamesomba shehena kubwa ya kaboni kutoka misitu ya Kongo na kuitupa katika vilindi vya bahari.

Funzo la Nile

Kinachotokea mto unapozuiwa ghafla kilidhihirika nchini Misri miaka 60 iliyopita.

Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kuanza kuzuia maji mnamo 1964, mafuriko ya Nile yalikuwa yakiingia katika Bahari ya Mediterania kila mwaka yakiwa na tope na virutubishi kutoka milima ya Ethiopia. Planktoni ilistawi kwa ghafla, na dagaa walifuata chakula hicho hadi kwenye mlango wa mto ambako wavuvi waliwasubiri.

Mnamo 1962, wavuvi wa Misri walivua takriban tani 18,000 za dagaa katika eneo hilo. Kufikia 1968, kiasi hicho kilikuwa kimeporomoka hadi chini ya tani 500.

Uvuvi ulifufuka baadaye, kuanzia miaka ya 1980, lakini kwa sababu isiyo ya kujivunia. Wanasayansi wanaamini kuwa mbolea zilizosombwa kutoka mashambani na majitaka ya miji iliyokuwa ikipanuka yalichukua nafasi ya rutuba ya mto. Delta yenyewe haikupata wa kuifidia. Bila tope jipya, kingo zake zimeendelea kumegwa na mawimbi.

Kisa cha Nile kina mafunzo mawili. Kwanza, bahari hujibu haraka mno mto unapobadilishwa. Pili, virutubishi na tope ni vitu viwili tofauti, na kurudi kwa kimoja hakumaanishi kurudi kwa kingine.

Funzo hilo la pili lilithibitishwa kwa kiwango cha dunia nzima mnamo 2005, wakati mtafiti James Syvitski na wenzake walipochapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walibaini kuwa binadamu ameongeza udongo unaobebwa na mito kwa takriban tani bilioni 2.3 kwa mwaka kupitia mmomonyoko, lakini wakati huo huo amepunguza udongo unaofika ufuoni kwa takriban tani bilioni 1.4, kwa sababu ya kuunaswa na mabwawa.

Kwa maneno mengine, mashamba yanapoteza udongo na pwani hazipati. Kenya imebeba sura zote mbili za kasoro hiyo katika mito miwili ambayo milango yake imetenganishwa na mwendo mfupi tu wa ufuo.

Sabaki: Kupita kiasi

Historia ya Mto Sabaki imeandikwa mahali ambapo wachache wangefikiria kuitafuta, yaani ndani ya matumbawe.

Matumbawe hukua kwa matabaka ya kila mwaka, mithili ya mti. Chembe za udongo wa mtoni zinapoingia katika maji ya chumvi, huachilia madini ya bariamu, nayo matumbawe huyanasa katika mifupa yake. Tabaka lenye bariamu nyingi huashiria mwaka wa tope jingi.

Mnamo 2007, kundi la wanasayansi wakiongozwa na Dominik Fleitmann lilichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300. Matokeo yalionyesha kuwa kati ya 1700 na 1900, kiasi cha udongo kilichofika baharini kilikuwa karibu kilekile. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kutwaliwa, kugawanywa na kulimwa kwa namna mpya chini ya utawala wa kikoloni, kiasi hicho kilianza kupanda bila kukoma.

Kilele kilifikiwa kati ya 1974 na 1980, ambapo udongo uliofika baharini ulikuwa mara tano hadi mara 10 zaidi ya kiwango cha asili. Watafiti hao walitaja ongezeko la watu, matumizi holela ya ardhi, ukataji wa misitu na ukame mkali wa mapema miaka ya 1970 kuwa sababu.

Tope hilo linaangukia eneo ambalo serikali ililitenga kuwa hifadhi ya bahari mnamo 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Walinzi wa hifadhi wanaweza kumzuia mvuvi mwenye nyavu haramu, lakini hawana uwezo wowote juu ya mmomonyoko unaotokea umbali wa kilomita 300.

Hata hivyo, si sahihi kusema kuwa tope limeyaua matumbawe yote ya Malindi. Utafiti wa Tim McClanahan na David Obura, uliochapishwa 1997, ulionyesha kuwa kilichobadilika zaidi ni aina za matumbawe: zile zinazostahimili tope ziliongezeka mahali pa zile zinazohitaji maji maangavu. Hasara ya namna hiyo huja polepole, na ndiyo sababu huwa vigumu kuishtakia.

Isitoshe, Sabaki haubebi udongo pekee. Mto Nairobi, wenye majitaka ya jiji kuu, ni kijito cha Athi. Wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya naitrojeni ya majitaka hayo huchujika njiani, maji yakitiririka taratibu. Mvua zinaponyesha, mto husukuma mzigo wote baharini kabla haujachujwa. Kwa hiyo, usafi wa Mto Nairobi, ambao kila utawala huuahidi, ni suala la Malindi pia.

Tana: Mgawo uliopunguzwa

Tana ni mto mrefu zaidi nchini. Huanzia Aberdare na Mlima Kenya, hupitia Garissa, na kuishia Kipini katika Ghuba ya Ungwana. Kati ya 1968 na 1988, mabwawa matano ya umeme yalijengwa juu yake: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo kubwa zaidi na ndilo la kwanza kupokea maji kutoka milimani.

Faida ya mabwawa hayo haina ubishi. Yamewasha taa na kuendesha viwanda kwa zaidi ya nusu karne. Lakini maji yanapoingia Masinga, hutulia, na yakitulia, udongo huzama. Mchanga na tope ambavyo vingejenga delta hujilundika chini ya bwawa, ambako havimfaidi yeyote. Hupunguza nafasi ya maji na kuligharimu taifa umeme wakati wa kiangazi.

Mto huo hata hivyo haufiki Kipini ukiwa mtupu. Maji yaliyoachiliwa kutoka Kiambere huanza upya kumega kingo katika safari yake ndefu kupitia nyanda kavu, na kubeba udongo mwingine. Badiliko kubwa zaidi liko katika majira. Mafuriko ya mara mbili kwa mwaka, ambayo yalikuwa yakitandaza tope kwenye delta, yamepungua nguvu na hayatabiriki kama zamani.

Wapokomo walipanda mpunga kwa kufuata mafuriko hayo. Waorma walipeleka mifugo kwenye nyasi zilizoachwa na maji yalipopungua. Samaki walizaliana katika maziwa madogo yaliyojazwa na mto. Na baharini, kamba wa Ghuba ya Ungwana walitegemea mchanganyiko huohuo wa maji baridi, tope na mikoko.

Kamba hutaga mayai baharini, lakini watoto wao huingia katika vijito vya mikoko kukua mahali penye chakula na maficho kabla ya kurejea maji makuu. Hilo ndilo linaloifanya ghuba hiyo kuwa uwanja mkuu wa uvuvi wa kamba nchini.

Uvuvi huo umekuwa chanzo cha uhasama wa muda mrefu. Wavuvi wadogo walizilaumu meli kubwa zinazokokota nyavu kwa kuharibu zana zao na kumaliza samaki, na serikali ikapiga marufuku meli hizo mnamo 2006. Mpango rasmi wa kusimamia uvuvi wa kamba ulitolewa 2010, na meli zikaruhusiwa kurejea mwaka uliofuata chini ya masharti.

Katika mabishano hayo yote, walioketi mezani walikuwa wavuvi, wenye meli na maafisa wa uvuvi. Wanaofungua na kufunga milango ya mabwawa hawakuwa miongoni mwao, ingawa maji wanayoyadhibiti ndiyo hulea watoto wa kamba.

Barafu inakoingia

Mito si njia pekee ya maji ya nchi kavu kufika baharini. Barafu inayoyeyuka nayo ina mchango wake, na hapa kuna dhana moja inayofaa kurekebishwa.

Wakenya wengi huamini kuwa barafu ya Mlima Kenya ndiyo huujaza Mto Tana. Ni kweli kwamba barafu hiyo inatoweka. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani humo, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), iliyotolewa Oktoba 2021, ilikadiria kuwa barafu zote za Afrika Mashariki zitakuwa zimekwisha kufikia miaka ya 2040, na kwamba Mlima Kenya huenda ukatangulia kwa mwongo mmoja.

Lakini barafu hiyo ni ndogo mno kuulisha mto mkubwa. Utafiti uliofanywa katika milima ya Rwenzori nchini Uganda na kuchapishwa 2009 ulibaini kuwa maji ya barafu yalikuwa chini ya asilimia mbili ya maji ya Mto Mubuku. Kinachoujaza Tana ni mvua inayohifadhiwa na misitu na udongo wa kinamasi juu mlimani. Anayelilia barafu huku akikata msitu amekosea adui.

Barafu inayoigusa pwani ya Kenya kwa nguvu zaidi iko mbali, katika ncha za dunia. Kisiwa cha Greenland kimekuwa kikipoteza takriban tani bilioni 270 za barafu kila mwaka tangu 2002, kwa mujibu wa vipimo vya setilaiti za shirika la anga za juu la Marekani, NASA.

Huko kwenyewe, barafu hubadilisha bahari kwa njia zinazofanana na za mto. Barafu inayogusa bahari hutoa maji yake baridi chini kabisa ya kina. Kwa kuwa maji hayo hayana chumvi, ni mepesi na hupanda juu kwa kasi, yakivuta maji ya vilindini yaliyojaa virutubishi. Planktoni hustawi na samaki hufuata. Utafiti uliochapishwa 2017 ulilinganisha ghuba mbili za Greenland na kubaini kuwa ile ambayo barafu yake bado inagusa bahari ilikuwa na uzalishaji mkubwa kuliko ile ambayo barafu yake imejikunyata hadi nchi kavu.

Hivyo basi, kuyeyuka kwa barafu huipa bahari mwanzoni na kuinyima baadaye. Katika bahari inayozunguka Antaktika, ambako chuma ni adimu, barafu inayoyeyuka huleta chuma kinachoamsha planktoni na kufyonza kaboni. Kwingineko, tabaka la maji yasiyo na chumvi hufunika bahari na kuzuia mbolea ya chini isipande.

Bahari ya Aktiki ina hali ya pekee. Ina takriban asilimia moja tu ya maji ya bahari zote, lakini hupokea zaidi ya asilimia 10 ya maji ya mito yote duniani. Mito hiyo hupita katika ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka, yenye kaboni inayokadiriwa kuwa takriban maradufu ya ile iliyomo angani kwa sasa. Ardhi hiyo inapoyeyuka, kaboni huanza kusafiri. Mnamo 2023, watafiti wakiwemo wa NASA walionyesha kuwa maji ya Mto Mackenzie wa Kanada huifanya sehemu ya Bahari ya Beaufort kutoa gesi ya kaboni badala ya kuifyonza.

Funzo hapo ni kwamba bahari si shimo lisilojaa. Ikipelekewa mzigo usiofaa, huurudisha angani.

Kipini: Mto na barafu vyakutana

Matukio hayo ya mbali yanafika Kenya kupitia kimo cha bahari. Tangu setilaiti zianze kupima mnamo 1993, wastani wa kimo cha bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 10, kutokana na kuyeyuka kwa barafu na kupanuka kwa maji yanayopata joto.

Delta yenye afya huweza kuhimili ongezeko kama hilo kwa sababu mto huiinua kwa tope jipya. Delta iliyopunguziwa tope na mafuriko haina kinga hiyo. Katika vijiji vya Ozi na Kilelengwani karibu na Kipini, wakulima wamekuwa wakilia kwa miaka kadhaa kuwa maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuua miembe na mpunga. Bahari inasukuma kutoka mbele huku mto ukilegea kutoka nyuma.

Delta ya Tana ilitambuliwa mnamo 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Hadhi hiyo haijamletea mkulima wa Ozi tone la maji matamu.

Hali hii inagusa moja kwa moja biashara ya kaboni, ambayo serikali na wahisani wameikumbatia. Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, zaidi ya nusu zikiwa Lamu. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haimo kwenye miti bali katika tope lililo chini yake.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kaunti ya Kwale, ulioanza kuuza kaboni zaidi ya mwongo mmoja uliopita, umesifiwa kuwa wa kwanza wa kijamii duniani kuuza kaboni ya mikoko. Unalinda hekta 117, na mapato yake yamesaidia shule na maji ya kijiji. Mradi wa Vanga uliufuata kwa kulinda hekta 460.

Sifa hizo zinastahili. Hata hivyo, mikoko hailindwi kwa doria ya wanakijiji pekee. Katika hori la Mwache jijini Mombasa, mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, pale udongo kutoka bara ulipofunika mizizi inayovuta hewa. Hakuna aliyeikata kwa shoka. Iliuawa na mashamba yasiyo na matuta.

Kwa hivyo, anayenunua kaboni ya mikoko ya pwani ananunua, bila kujua, nidhamu ya mkulima aliye juu ya mto. Mkulima huyo halipwi kitu.

Nani anaushika usukani?

Dalili kadhaa zinaonyesha kuwa suluhisho si ndoto. Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchimbaji wa mchanga mnamo 2015. Mwaka huohuo, Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi ulizinduliwa kuwasaidia wakulima wa nyanda za juu kuchimba matuta na kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko, kwa hoja kwamba ni nafuu kuuzuia udongo shambani kuliko kuuondoa bwawani.

Sheria ya Maji ya 2016 nayo inatambua akiba ya maji ambayo lazima ibaki kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kulinda viumbe wa majini. Swali ni wapi akiba hiyo inapimwa. Ikikadiriwa katikati ya mto, Ghuba ya Ungwana haimo katika hesabu. Inapaswa kupimwa Kipini na kwenye mlango wa Sabaki, ambako matokeo ya kila uamuzi wa juu huonekana.

Tatizo la pili ni mgawanyo wa mamlaka. Mito ina TARDA, iliyoundwa 1974, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Umeme una KenGen. Uvuvi, mikoko na hifadhi za bahari zina idara zao. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) imekusanya maarifa mengi kuhusu milango ya mito, lakini haina usemi katika ratiba ya mabwawa.

Udhaifu huo utajaribiwa na Bwawa la Thwake katika Kaunti ya Makueni, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 na ambalo limepangwa kuhifadhi mita milioni 688 za ujazo. Ukambani inayahitaji maji hayo, na hakuna anayeweza kuinyima kwa haki.

Lakini Thwake litaubadilisha Sabaki. Bwawa hunasa mchanga mzito kwanza, ilhali tope jepesi, ambalo ndilo hupaka bahari rangi, hupita kwa urahisi zaidi. Huenda Malindi ikapoteza mchanga ambao umekuwa ukipanua ufuo wake, na bado ikabaki na sehemu ya wekundu unaowafukuza watalii. Mpango wa bwawa la High Grand Falls kwenye Mto Tana, ambao umejadiliwa kwa miaka mingi, unazua swali hilohilo kwa ukubwa zaidi.

Mabwawa yanaweza kuendeshwa kwa namna inayoikumbuka delta. Bwawa la Manantali nchini Mali limewahi kutumiwa kuachilia mafuriko ya makusudi kwa ajili ya wakulima na wavuvi wa Bonde la Senegal. Kenya ilipata mafuriko yasiyo ya makusudi mwishoni mwa 2023 na mwaka wa 2024, wakati mabwawa ya Tana yalipofurika na maelfu kuhama makwao. Mafuriko yaliyopangwa, yenye tahadhari na kiasi, yangeipa delta tope lake bila kuzamisha Garissa.

Hatua nyingine hazihitaji mabilioni. Vituo vya kupima udongo na virutubishi kwenye milango ya mito hiyo miwili, vikifanya kazi mwaka mzima, vingeondoa ubishi mwingi. Ripoti ya athari za mazingira ya bwawa lolote jipya ingelazimishwa kuendelea hadi baharini. Na sehemu ya mapato ya umeme na kaboni ingerudishwa kwa mkulima anayechimba matuta Murang'a au Machakos, kwa kuwa ndiye mlinzi wa kwanza wa kamba wa Ungwana.

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Thwake likishajaa na ratiba zake zikishazoeleka, itakuwa vigumu kuliuliza bwawa hilo maswali ambayo yangeulizwa sasa. Wavuvi wa Malindi na wakulima wa Ozi hawajaalikwa kuyauliza, ilhali wao ndio watakaoishi na majibu.